Mawe ya Mkunazini

Mtu aingiaye bandarini Unguja huona kutoka mbali minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na mapadre wa Kifaransa na kukamilika mwaka 1898. Ni kanisa zuri, nalo lastahili kuzuruwa. Lakini sisi twapenda kumwongoza msomaji ndani zaidi, kwa vichochoro vyembamba, hata Mkunazini, kwa maana mawe ya huko yana habari nzito zaidi.

Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Watu waliotekwa bara, wengine mbali hata pande za Nyasa, walipangwa safu, wakakaguliwa meno na viungo kama ng'ombe. Mwezi wa Juni 1873 Seyyid Barghash alifanya mapatano na Waingereza, na soko likafungwa. Siku ya Noeli mwaka ule ule, jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa papo hapo. Hata hivyo tusidhani kwamba utumwa ulikwisha siku ile. Waliokwisha kununuliwa walibaki mikononi mwa mabwana zao, wala sheria haikuufuta utumwa Unguja mpaka mwaka 1897. Kanisa lilikuwa limekwisha kusimama, na nje ya kuta zake walipita watu wasio huru.

Aliyesimamia kazi ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya. Paa lake si la boriti, bali ni kuba moja la mawe ya matumbawe na saruji. Wako waliodhani litaanguka. Limesimama hata leo. Karibu na mlango zimo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Ndani umo pia msalaba wa mti uliotoka Chitambo, ulikozikwa moyo wa David Livingstone. Steere mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Wageni huonyeshwa tena vyumba vya giza chini ya nyumba ya jirani, wakiambiwa kwamba watumwa walifungwa humo wakingoja mnada. Hapa yatupasa kusema kweli: nyumba ile ilijengwa na misheni kuwa hospitali, soko likiwa limekwisha kufungwa. Mateso ya wale watu yalikuwa makubwa. Hayahitaji kutiwa chumvi.

Ukirudi pwani utafika Beit el Ajaib, jumba alilojenga Barghash mwaka 1883, ambalo watu walilistaajabia kwa ukubwa wake na taa zake za umeme. Mizinga ya Waingereza mwaka 1896 iliharibu jumba la kifalme la jirani, lakini hili likasalia. Likaja kuanguka upande mmoja, pamoja na mnara wake wa saa, lilipokuwa likitengenezwa, na watu wawili wakafa. Ilikuwa siku ya Noeli, mwaka 2020.