Beringi za nguzo ya usukani

Beringi za nguzo ya usukani ni vipande vinavyoishika shafti ya usukani wa gari ili izunguke kwa wepesi bila kuyumba. Zikilika, usukani hucheza, hutoa mlio au huwa mzito. Kuzibadilisha ni sehemu muhimu ya ukarabati wa pikapu za zamani, kama Land Rover za Series II, IIA na III ambazo bado huonekana Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Historia

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Series II ilifuata mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Pikapu nyingi zilikuwa za aina ya 109. Namba hiyo ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi, yaani takriban sentimita 277. Mapenzi ya gari hili nchini Tanzania yalionekana Oktoba 2024, lilipofanyika tamasha la Land Rover jijini Arusha.

Muundo

Katika Land Rover hizo nguzo ya usukani ina bomba la nje lisilozunguka na shafti ya ndani inayozunguka. Juu, chini ya usukani wenyewe, shafti hushikwa na beringi ndogo au bushi. Chini, shafti huingia kwenye boksi la usukani (mafundi huliita boksi la stelingi) na kuishia kwa skrubu nene. Kila upande wa skrubu hiyo una gololi zinazozunguka ndani ya vikombe vya chuma. Skrubu husogeza nati kuu, nati husukuma shafti ya pembeni, na shafti hiyo hugeuza mkono unaovuta fimbo za magurudumu.

Kwa kuwa shafti na skrubu ni kitu kimoja, beringi za chini hazibadilishwi bila kufungua boksi. Magari mengi ya baadaye ni tofauti: nguzo yake hutenganishwa na boksi kwa kiungo. Peugeot 404, pikapu nyingine maarufu ya zamani katika Afrika Mashariki, haina boksi la aina hii. Inatumia fimbo yenye meno.

Sababu za kulika

Vumbi hupenya pale sili inapochakaa, likachanganyika na grisi na kusaga chuma. Maji ya matope ya masika, kati ya Machi na Mei, huleta kutu. Mitetemo ya barabara za changarawe hugonga gololi mahali palepale, hasa usukani unapokuwa umenyooka. Sababu nyingine ni boksi kukaa bila oili kwa muda mrefu, hali ya kawaida kwa gari lililoegeshwa miaka mingi.

Dalili na uchunguzi

Mtu mmoja hutikisa usukani kidogo kulia na kushoto huku mwingine akiangalia chini ya gari. Usukani ukipanda na kushuka kwa kuvutwa, beringi za chini zimelegea. Ukiyumba pembeni, ya juu imekwisha. Lakini kucheza kwa usukani kunaweza kutoka pia kwenye vichwa vya fimbo, beringi za magurudumu au bolti zilizolegea za boksi. Hizo hukaguliwa kwanza, maana beringi mpya hazitatibu ugonjwa ulioko kwingine.

Kubadilisha

1. Gari huegeshwa penye usawa, magurudumu yanyooke na kuwekewa vizuizi. Waya wa betri hufunguliwa.
2. Usukani na mkono wa boksi hutiwa alama kabla ya kuchomolewa, ili virudi mahali pake. Mkono hutolewa kwa pula. Kuugonga kwa nyundo huumiza vikombe vya ndani.
3. Boksi na nguzo hutolewa pamoja, kisha oili humwagwa.
4. Shafti ya pembeni hutolewa, halafu bomba la nje hufunguliwa kutoka kwenye boksi. Karatasi za chuma zilizo katikati yake, yaani shimu, hutunzwa zote.
5. Shafti ya ndani huvutwa juu ya sinia au kitambaa, kwani gololi humwagika.
6. Vipande huoshwa na kukaguliwa. Vikombe vyenye vishimo hubadilishwa pamoja na gololi zake. Skrubu yenyewe ikiwa na vishimo, beringi mpya hazitoshi.
7. Gololi mpya hushikizwa kwa grisi wakati wa kuunganisha, na sili huwekwa mpya.

Kurekebisha

Kazi hii hufanywa kabla ya kurudisha shafti ya pembeni, ili uzito unaosikika mkononi uwe wa beringi pekee. Kupunguza shimu hukaza, kuongeza hulegeza. Shafti inatakiwa izunguke kwa ulaini bila kusogea juu wala chini. Ikikazwa mno, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gololi huweza kupasuka. Baada ya hapo shafti ya pembeni hurudishwa na skrubu yake ya kurekebishia hukazwa usukani ukiwa katikati, kisha boksi hujazwa oili ya gia.

Usalama

Barabara kama ya kutoka Marangu kwenda Himo hushuka kwa muda mrefu, na pikapu iliyobeba ndizi au kahawa humtegemea dereva kuirekebisha kila wakati. Nati ya mkono wa boksi ikifunguka, magurudumu hayatii tena usukani. Kwa hiyo washa yake ya kufungia hubadilishwa kila inapofunguliwa. Gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi imara, usukani huzungushwa hadi mwisho pande zote mbili, na mizunguko kutoka katikati iwe sawa. Jaribio la kwanza barabarani hufanywa polepole, bila mzigo na mahali pasipo na mteremko. Baada ya safari chache bolti zote hukaguliwa tena.

Tazama pia

Usukani
Land Rover
Grisi