Mbao za Nyanda za Juu Kusini: kutoka shinani hadi mpakani

Biashara ya mbao laini kati ya Tanzania na nchi jirani imekua, na wanunuzi wengi kutoka Kenya, Rwanda, Burundi na kwingineko hufika wenyewe Iringa na Njombe kufuata mzigo. Wengi wao hukutana na mbao zikiwa tayari zimepangwa kando ya barabara. Hasara nyingi, hata hivyo, huanzia mbali zaidi: kwa mti uliokatwa ungali mchanga, kwa msumeno uliolegea, kwa mbao zilizopakiwa mbichi, au kwa hati isiyolingana na mzigo. Makala haya yanaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, ili mfanyabiashara na msafirishaji wajue cha kukagua na cha kuuliza.

Mbao zinakotoka

Sehemu kubwa ya mbao za mpaina (misindano) zinazouzwa Tanzania hutoka Nyanda za Juu Kusini. Shamba la miti la Sao Hill lililopo wilayani Mufindi, mkoani Iringa, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ulioanzishwa mwaka 2010. Pembeni yake, na hasa mkoani Njombe, wapo maelfu ya wakulima wadogo waliopanda mipaina na mikaratusi, ambayo wenyeji huiita milingoti, katika mashamba yao.

Miji ya Mafinga na Makambako ndiyo vituo vikuu vya biashara hiyo. Yote miwili ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na Makambako ina pia stesheni ya reli ya TAZARA. Msimu wa mvua katika eneo hilo huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo barabara za kuingia mashambani huteleza na malori hukwama, hivyo mwenye oda ya tarehe maalumu hana budi kutoa mzigo shambani mapema.

Mahitaji ya nchi jirani nayo hubadilika kwa sera. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na wafanyabiashara wake wakageukia zaidi mbao za nje, zikiwemo za Tanzania. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa zuio hilo. Aliyefunga mkataba mrefu bila kufuatilia mabadiliko ya namna hiyo hujikuta na mzigo usio na soko.

Umri wa mti na kupogolea

Ubora wa ubao huamuliwa miaka mingi kabla ya msumeno kufika. Katika mashamba yanayotunzwa vizuri, mpaina wa mbao huvunwa ukiwa na umri wa takriban miaka 18 hadi 25. Wakulima wadogo, wakibanwa na ada za shule au matibabu, mara nyingi huuza miti yenye miaka 8 hadi 12. Mti wa umri huo huwa na mti-ndani mwingi wa utotoni: mbao zake ni nyepesi, dhaifu, na hupinda zikikauka. Kwa kupaulia nyumba, tofauti hiyo ni kubwa. Mnunuzi anaweza kuhesabu miduara ya ukuaji kwenye kichwa cha gogo. Miduara michache na mipana karibu na kiini ni dalili ya mti uliokatwa mapema.

Kupogolea ni kukata matawi ya chini mti ungali mwembamba, ili mbao zitakazojengeka baadaye zisiwe na mafundo. Mpogoleaji hodari hutumia msumeno wa mkono, si panga, kwa sababu panga huchana gome na kufungua njia ya kuoza. Hukata karibu na shina bila kujeruhi uvimbe ulio chini ya tawi, wala haachi kisiki kirefu. Kisiki kikiachwa hufa, shina hukifunika, na miaka mingi baadaye fundo hilo jeusi hudondoka ubao unapokauka na kuacha tundu. Mafundo mekundu yaliyoshikana na ubao hayana madhara makubwa yakiwa madogo. Fundo jeusi linalocheza likiguswa ni sababu ya kushusha bei.

Kuangusha mti

Hii ndiyo hatua yenye hatari kubwa kuliko zote. Mwangushaji hufanya kazi na msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, akiwa na msaidizi mmoja. Kabla ya kuwasha mashine hutazama mti umeinamia wapi, upepo unavuma kutoka wapi, na kama kuna matawi makavu juu. Kisha husafisha njia mbili za kukimbilia, nyuma ya mti na kwa mshazari, kulia na kushoto.

Kata ya kwanza ni ya mdomo, upande ambao mti utaangukia. Kina chake ni kati ya moja ya tano na moja ya tatu ya unene wa shina. Kata ya nyuma hufanywa sentimita 2.5 hadi 5 juu ya sakafu ya mdomo. Kati ya kata hizo mbili huachwa ukanda wa mti usiokatwa, takriban moja ya kumi ya unene, unaofanya kazi kama bawaba. Kwa mti wenye unene wa sentimita 30, bawaba ni sentimita 3 hivi. Mwenye kuikata bawaba yote hupoteza uwezo wa kuuongoza mti. Mwenye kukata nyuma bila kutengeneza mdomo wa kutosha huweza kupasua shina kwenda juu, na mpasuko huo humdhuru yeye, kisha huharibu gogo la chini ambalo ndilo lenye thamani kubwa.

Ncha ya juu ya upanga wa msumeno isiguse kitu, kwa kuwa mashine huruka ghafla kuelekea usoni mwa mkataji. Kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, suruali ya kinga na buti imara ni vifaa vya kazi. Mti ulionasa kwenye mwingine usiachwe ukining'inia, na mtu asipite chini yake.

Kwa madereva na wapakiaji wanaosubiri mzigo, kanuni ni moja: asiyehusika na ukataji akae umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 20 unahitaji mita 40 zisizo na mtu wala gari. Lori lisiegeshwe karibu na wakataji kwa ajili ya kufupisha mwendo wa kubeba.

Kupasua na vipimo

Magogo mengi ya wakulima wadogo hupasuliwa shambani kwa mashine za kuhamishika zinazojulikana kama dingidongi. Faida yake ni kwamba humfuata mkulima alipo. Kasoro yake ni kwamba msumeno wake hula ubao mwingi, na sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa mabanzi na vumbi. Wapasuaji wengi hulipwa kwa idadi ya mbao, hivyo haraka huwa ndiyo sheria, na vipimo huyumba.

Kwa mbao za urefu wa futi 12, mita moja ya ujazo ina idadi ifuatayo ya vipande, endapo vipimo ni kamili:

- 2 kwa 2: vipande 106
- 2 kwa 4: vipande 53
- 1 kwa 8: vipande 53
- 2 kwa 6: vipande 35

Hapo ndipo mnunuzi anapopunjwa bila kujua. Ubao unaouzwa kama 2 kwa 4 ukiwa na inchi 1¾ kwa 3¾ una asilimia 82 tu ya ujazo unaolipiwa. Katika vipande 1,000, hiyo ni sawa na kulipia vipande 180 ambavyo havipo. Inafaa kupima kwa futi ya chuma vipande kumi kutoka sehemu mbalimbali za rundo, katika ncha zote mbili na katikati, kisha kukubaliana bei kwa kipimo halisi. Ubao mbichi nao hupungua ukikauka: wa inchi 4 huweza kupoteza milimita 3 hadi 4 za upana.

Kukausha

Gogo la mpaina likikaa muda mrefu baada ya kukatwa, hasa wakati wa joto na unyevu, hushikwa na ukungu wa bluu. Ukungu huo haupunguzi sana nguvu ya ubao, lakini hushusha bei na huonyesha kuwa mzigo ulicheleweshwa. Dawa yake ni kupasua mapema na kupanga mbao mara moja zipate hewa.

Rundo la kukaushia huinuliwa sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini. Kati ya safu na safu huwekwa vijiti vyenye unene sawa, kila baada ya sentimita 60, vikiwa vimenyooka juu ya vingine. Vijiti visiponyooka, mbao hupinda. Juu huwekwa paa na mabanzi ya kukandamiza. Ubao wa inchi 1 hukauka kwa wiki kadhaa za kiangazi, na wa inchi 2 huhitaji miezi.

Asiye na kifaa cha kupimia unyevu anaweza kutumia mizani. Kipande hukatwa mbali na ncha ya ubao, hupimwa, hukaushwa kwenye oveni hadi uzito usibadilike, kisha hupimwa tena. Tofauti hugawanywa kwa uzito wa mwisho. Kipande cha gramu 900 kilichobaki gramu 500 kilikuwa na unyevu wa asilimia 80. Ubao uliokaushwa vizuri kwa hewa huwa kati ya asilimia 12 na 18.

Uzito na upakiaji

Mbao mbichi za mpaina huweza kufikia kilo 800 hadi 1,000 kwa mita ya ujazo, na kavu hushuka hadi karibu kilo 500. Kwa hesabu ya kawaida, mita 30 za ujazo zikiwa mbichi kwa kilo 900 ni tani 27, na zikiwa kavu ni tani 15. Anayesafirisha mbao mbichi hulipia nauli ya maji.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo, na kila ekseli ina kikomo chake. Lori linaweza kuwa chini ya uzito wa jumla na bado likatozwa faini kwa kuwa mzigo umeegemea nyuma. Mbao zipangwe zikigusa ukuta wa mbele wa bodi, vifurushi vifungwe kwa mikanda, na dereva asimame baada ya kilomita chache kuikaza upya, kwa sababu mbao hutulia na mikanda kulegea.

Hati na mpaka

Ndani ya Tanzania mzigo wa mbao husindikizwa na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, maarufu kama TP, pamoja na stakabadhi za malipo ya serikali na ya halmashauri. Aina ya mti, kiasi, namba ya gari, mahali ulikotoka na unakokwenda mzigo vilingane na kilichomo ndani ya lori. Gari likiharibika na mzigo kuhamishiwa lingine, ofisi ya misitu iliyo karibu iarifiwe kabla ya safari kuendelea. Kwa mzigo wa nje ya nchi huhitajika pia kibali cha kuusafirisha nje, cheti cha afya ya mimea, na cheti cha uasili wa bidhaa. Mti uliokuzwa na kuvunwa ndani ya nchi mwanachama huhesabika kuwa umezalishwa humo kikamilifu, na cheti hicho ndicho humwezesha mnunuzi kupata nafuu ya ushuru wa forodha wa Jumuiya.

Miti ya asili ina masharti zaidi chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Msandali wa Afrika Mashariki uliwekwa kwenye orodha mwaka 2013, na mpingo mwaka 2017. Tangu Februari 23, 2023, mninga, mkongo na mkangazi nayo huhitaji kibali cha CITES ikivuka mpaka ikiwa magogo au mbao. Mpaina na mkaratusi hazimo. Kuchanganya vipande vichache vya mninga ndani ya shehena ya mpaina kunaweza kusababisha lori zima kuzuiwa, na dereva ndiye huwa wa kwanza kuhojiwa.

Kabla ya kulipa na kung'oa nanga

- Umri wa miti umeulizwa na vichwa vya magogo vimetazamwa.
- Vipande kumi vimepimwa, na bei imefungwa kwa kipimo halisi.
- Unyevu umepimwa na uzito wa shehena umekadiriwa.
- Mafundo meusi, mipasuko na ukungu vimetengwa na kushushiwa bei.
- Aina na idadi kwenye TP vimelinganishwa na mzigo, kipande kwa kipande, dereva akiwepo.
- Nakala za hati zote zipo kwa dereva na kwa mwenye mzigo.