Madini ya Uluguru yalivyosaidia kuifahamu atomu

WANAFUNZI wengi wa sekondari hukariri namba 2, 8, 8 za mpangilio wa elektroni bila kufahamu kwamba mawe ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, yana nafasi yake katika historia ya atomu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za utawala wa Wajerumani, machimbo ya ulanga ya Lukwengule yalitoa pia uraninaiti, jiwe jeusi na zito lenye urani. Baadhi ya mawe hayo yaligeuka kuwa madini ya rangi ya njano. Mwaka 1906 mkemia Mjerumani, Willy Marckwald, aliyatangaza kuwa madini mapya, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford.

Rutherford huyo ndiye aliyebainisha mwaka 1911 kuwa atomu ina kiini. Mwaka 1913 Niels Bohr, aliyekuwa amefanya kazi naye mjini Manchester, akaeleza kuwa elektroni hukizunguka kiini hicho katika ngazi maalumu za nishati.

Ngazi ya kwanza hubeba elektroni zisizozidi 2, ya pili 8, ya tatu 18 na ya nne 32. Urani ina elektroni 92, nazo hupangika hivi: 2, 8, 18, 32, 21, 9, 2. Hapo ndipo hesabu ya darasani inapogoma, kwani ngazi ya saba huanza kabla ya ya tano na ya sita kujaa. Kila ngazi ina vijingazi vyake, na elektroni hutangulia kuingia kile chenye nishati ndogo, hata kikiwa cha ngazi ya nje zaidi.

Katika rutherfordini, kwa hesabu ya wakemia, urani huwa imeachia elektroni 6: 2 za ngazi ya saba, 1 ya sita na 3 za tano. Hubaki 86, mpangilio tulivu wa gesi ya radoni.

Lililowashangaza wengi lilikuja mwaka 1914 na 1915, pale Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipopima risasi iliyotolewa katika uraninaiti ya Morogoro. Uzito wake wa atomu ulikuwa takriban 206.05, wakati risasi ya kawaida ni 207.2. Kikemia hazikutofautiana, kwa kuwa zote zina elektroni 82 zilizopangwa 2, 8, 18, 32, 18, 4.

Tofauti ilikuwa ndani ya kiini. Risasi ya Morogoro ilitokana na urani iliyooza kwa mamia ya mamilioni ya miaka, nayo ilikuwa na nyutroni pungufu, chembe ambazo James Chadwick alizigundua mwaka 1932 tu. Kipimo hicho kikawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo wa kuwapo kwa isotopi.