Vumbi, trekta na ndoto ya Bwana Diesel



Nilipopita Mbulumbulu, kule juu Karatu, nilimkuta fundi ameifungua injini ya trekta chini ya mti. Alisugua oili kati ya vidole akaniambia: "Mdogo wangu, hii siyo oili tena, ni msasa." Nikagusa. Kweli ilikwaruza! Chujio la hewa lilikuwa limepasuka, vumbi la shamba likaingia, likala ringi na silinda, kisha likashuka kwenye oili na kuzungushwa injini nzima.

Nikamkumbuka Rudolf Diesel. Wengi hatujui kwamba Mjerumani huyu, katika hati yake ya miaka ya 1890, alifikiria pia kuchoma vumbi la makaa ya mawe. Injini yake iliyofanikiwa mwaka 1897 ilitumia mafuta. Rudolf Pawlikowski, aliyewahi kufanya naye kazi, ndiye aliyewasha injini ya vumbi la makaa mjini Görlitz mwaka 1916. Iliwaka, lakini majivu yakawa yale yale ya Mbulumbulu: chembe ngumu zinazosaga chuma na kuchafua oili.

Wamarekani walirudi kwenye ndoto hiyo baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 1970. Walisafisha makaa, wakayasaga laini na kuyachanganya na maji. Ringi na silinda wakazipaka kabidi ya tangsteni, nozeli wakaziwekea almasi, oili wakaichuja kwa makini. Mwaka 1991 General Electric waliendesha kichwa cha treni kwa uji huo. Lakini mafuta yalikuwa yameshuka bei, mradi ukafa.

Na sisi je? Miaka ya mwanzo ya 1960 serikali ilianzisha makazi ya wakulima wa ngano Upper Kitete, huko huko Mbulumbulu, kwa nguvu ya matrekta. Mwaka 1966 ikaachana na mpango wa makazi ya aina hiyo nchini. Mitaji na mitambo iligharimu mno kuliko faida.

Funzo langu ni hili: kununua injini ni mwanzo tu, kuitunza ndiyo kazi. Wajerumani na Wamarekani walitafuta hadi almasi kupambana na vumbi. Mkulima wetu anahitaji chujio zima na oili safi kwa wakati. Akivikosa, mkopo wa trekta unabaki, trekta lenyewe linageuka banda la kuku.

Au mnasemaje?