Salmonela Aliyevua Koti

Ingiza mkono kwenye mtungi wa maji uliokaa siku nyingi bila kuoshwa, huko Shinyalu au Lurambi, Kakamega, na vidole vitagusa utelezi. Huo ni utando: bakteria chungu nzima walioshikamana kwa gundi wanayojitengenezea. Klorini huwapata kwa taabu humo ndani, na ukavu hauwaui upesi.

Si bakteria wote wanaojua kazi hiyo, na wanaoijua hutambuliwa kwa rangi. Mwaka 1883 Mjerumani Paul Böttiger alitengeneza rangi nyekundu ya kutia vitambaa. Kampuni ya Agfa iliiuza kwa jina la Kongo mara tu baada ya mkutano wa Berlin ulioweka kanuni za kuigawa Afrika. Baadaye maabara ziliichanganya kwenye chakula cha bakteria, na bakteria aitwaye Salmonela, mwenye utando, akaota madoa mekundu, makavu, yenye mikunjo. Mwaka 1998 Ute Römling na wenzake walionyesha kwamba jeni iitwayo csgD ndiyo inayoamuru utando, na kwamba badiliko la herufi moja tu ya DNA mbele ya jeni hiyo linatosha kumfanya bakteria autengeneze karibu wakati wote.

Afrika ikaleta kisa cha kinyume. Sampuli ya damu ya mtoto, iliyochukuliwa Blantyre, Malawi, mwaka 2004, ilikuwa na Salmonela wa kundi la ST313. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2009, pamoja na uchunguzi wa sampuli za Kenya, ilikutwa imejaa jeni zilizokufa, yaani zisizofanya kazi tena. Mwaka 2016 ikabainika kuwa mojawapo, bcsG, ambayo husaidia kutengeneza selulosi ya utando, imekatika katikati. Kwenye sahani ya rangi nyekundu, madoa yake hayana ile mikunjo. Kimelea huyu amevua koti la safari: nje ya mwili hustahimili ukavu kwa shida zaidi kuliko nduguze wa kwenye kuku na mayai. Mwaka 2019 watafiti wengine waliona hasara ya namna hiyo kwa Salmonela Enteritidis wa Afrika, kwa mabadiliko tofauti ya jeni.

Kwa nini uache koti? Kwa maoni yangu, kwa sababu umepata nyumba: mwili wa binadamu. Ukoo wa ST313 wenye jeni ya bcsG iliyokatika ulisambaa wakati VVU vikienea, huku ukiwa sugu kwa dawa ya kloramfeniko. Watoto wenye malaria, utapiamlo au VVU ndio hasa huingiliwa damuni. Huko Kilifi, malaria ilipopungua, maambukizi ya bakteria kwenye damu ya watoto yalipungua pia. Kakamega bado iko kwenye ukanda wa malaria wa Ziwa Victoria.

Maji safi pekee hayatamaliza kazi. Utafiti ulioandikisha wajawazito 8,246 wa Kakamega, Bungoma na Vihiga kati ya 2012 na 2014 ulijaribu klorini, vyoo na sabuni. Minyoo ilipungua, kuhara kwa watoto hakukupungua. Klorini tusiiache, lakini Salmonela wa damuni anahitaji pia chandarua, lishe na maabara.

Mzazi, kipimo cha malaria kikionyesha chanya na homa isishuke baada ya dawa, rudi hospitali, uulize kama damu ya mtoto inaweza kuoteshwa maabara.