Women Fighters ya Zanzibar na Kocha Wake: Historia Fupi

Women Fighters ni klabu ya mpira wa miguu ya wanawake iliyoanzishwa Unguja mwaka 1988, na historia ya soka la wanawake katika visiwa vya Zanzibar haiandikiki bila kuitaja. Ikiwa taasisi ni utaratibu unaodumu, ukapokezana watu, sheria na kumbukumbu kutoka kizazi hadi kizazi, basi klabu hii ni taasisi kamili, ingawa haikuanza na muhuri wala kabati la mafaili, na kwa muda mrefu kumbukumbu yake imebebwa zaidi na vichwa vya watu kuliko na karatasi.

Mizizi ya jambo lenyewe iko mbali zaidi ya 1988. Mwaka 1869 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, walifungua Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichowasomesha vijana waliokombolewa utumwani ili wawe walimu na makasisi. Wanafunzi wa chuo hicho walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kucheza kandanda visiwani, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Misheni hiyohiyo ilikuwa na shule ya wasichana Mbweni, ambako Caroline Thackeray alikuwa mkuu wa shule kuanzia mwaka 1877, na huko wasichana walifundishwa kusoma, Maandiko, kushona na kazi za nyumbani, na baadhi yao wakawa walimu au wake wa wahitimu wa Kiungani. Mvulana alipewa mpira na msichana akapewa sindano, na mgawanyo huo haukuwaudhi wazee wa Kiislamu wa mjini, kwa kuwa juu ya jambo hilo dini mbili zilizokuwa zikitazamana kwa shaka ziliafikiana bila hata kukaa kikao. Chuo chenyewe kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1925, lakini mchezo ulibaki, ukaenea Ng'ambo, yaani mitaa iliyo upande wa pili wa mji wa kale, ukawa mali ya wanaume wa kila kabila. Wanawake, walipopata nafasi ya kucheza, walielekezwa kwenye netiboli, mchezo wa kurusha mpira kwa mikono ambao ulihesabiwa kuwa na stara zaidi.

Mwaka 1986 Zanzibar ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya kwanza ya wanawake ya CECAFA, ambalo ni baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati. Miaka miwili baadaye, ujio wa timu ya wanawake kutoka Sweden uliwalazimu wenyeji kutafuta wanawake wa kucheza nayo, na kutokana na haja hiyo ikazaliwa Women Fighters. Wageni wangeweza kuondoka na timu ikavunjika, kama zilivyovunjika timu nyingi za namna hiyo. Kwamba haikuvunjika ni jambo linalohitaji maelezo kuliko kuzaliwa kwake, na maelezo hayo yanapatikana zaidi katika kazi ya kocha Nassra Juma Mohammed, ambaye jina lake limeshikamana na klabu hiyo.

Kwa kawaida kazi ya kocha hupimwa kwa mabao na vikombe, lakini kwa kocha wa wanawake Zanzibar kipimo hicho hakitoshi, maana sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutafuta ruhusa. Mchezaji aliyeolewa alihitaji radhi ya mumewe na msichana alihitaji kauli ya baba na mama, nao wazazi hao walisikiliza barazani watu wakisema kwamba mwanamke anayekimbia na kaptura mbele ya wanaume amevua heshima ya nyumba nzima. Kocha wa namna hii, kabla ya kufundisha pasi, huwa ameshapiga hodi katika nyumba kadhaa, ameketi ukumbini, amesikiliza hoja za dini na za mila, na amejibu kwa adabu. Bi Nassra, akiwa mwenyewe mwanamke wa Kiislamu wa hapohapo, aliweza kuzungumza na wazazi hao kwa lugha ambayo mgeni asingeiweza. Huo ndio ufundi wake mkubwa, na hakuna mtaala wa ukocha unaoufundisha.

Mavazi yalikuwa sehemu ya mazungumzo hayo. Wapo wachezaji wanaovaa ushungi na suruali ndefu chini ya jezi, na kwa miaka kadhaa vazi hilo liligongana na sheria za dunia: mwezi Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman katika mechi za kuwania Olimpiki ya London kwa sababu ya vitambaa vya kichwa, na ni mwaka 2014 tu ndipo bodi ya kimataifa inayotunga sheria za mchezo ilipoviruhusu rasmi. Mwanamke wa Zanzibar alibanwa pande zote mbili, nyumbani akiambiwa amevaa kidogo na ugenini akiambiwa amevaa kupita kiasi.

Klabu ilijulikana nje ya visiwa kupitia filamu ya hali halisi, yaani ile inayoonyesha watu na maisha yao bila waigizaji, iitwayo Zanzibar Soccer Queens, iliyotolewa mwaka 2007 na Florence Ayisi, mtayarishaji mzaliwa wa Kameruni. Mwaka 2016 Ayisi akishirikiana na Catalin Brylla alitoa nyingine, Zanzibar Soccer Dreams, inayomfuata Bi Nassra na jitihada za kuufikisha mchezo kwa wasichana wa shule. Hatua hiyo ina uzito kuliko sifa ya filamu zenyewe, kwa kuwa mpira unapoingia katika ratiba ya shule, ombi la ruhusa halimwelemei tena kocha peke yake.

Bi Nassra amewahi pia kuwamo katika benchi la ufundi, yaani jopo la makocha, la Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania. Mashindano ya wanawake ya CECAFA yalirudi mwaka 2016 mjini Jinja, Uganda, baada ya miaka 30, na Tanzania Bara ikatwaa kombe kwa kuifunga Kenya 2-1 katika fainali, wakati Zanzibar iliyokuwa mwenyeji wa mara ya kwanza ilirudi nyumbani na mabao mengi ya kufungwa. Mwaka 2021 klabu ya New Generation iliiwakilisha Zanzibar jijini Nairobi katika mechi za kuwania Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake.

Habari yote hii, hata hivyo, ni ya Unguja, na hasa ya mjini. Kwa upande wa kisiwa cha Pemba, chukua mfano wa Makangale: shehia hii ya Wilaya ya Micheweni, iliyo kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa hicho, inafikiwa kwa barabara inayokatiza msitu wa Ngezi kutoka Konde, na kutoka huko hata uwanja wa Gombani ulioko Chake Chake ni safari, seuze Unguja inayohitaji meli. Pwani za Vumawimbi na Verani zina mchanga mpana wa kutosha viwanja kadhaa maji yakitoka, kwa hiyo ukosefu wa mahali pa kuchezea si kisingizio cha kutowafikishia mpira wasichana wa huko.

Wachezaji wa 1988 sasa wamefikia umri wa kuitwa bibi. Walimu wa michezo wa Micheweni na maofisa wa shirikisho la soka la Zanzibar wanaombwa kuwaendea mapema na daftari, wayaandike majina yao, na wawaalike Pemba wakakae na wazazi wa Makangale kama Bi Nassra alivyokaa na wazazi wa mjini.