Mei 4, Siku ya Cassinga

Ilikuwa Alhamisi, Mei 4, 1978, yapata saa mbili asubuhi. Watu wa Cassinga walikuwa wamekusanyika kwa gwaride. Zamani palikuwa mji wa machimbo ya chuma kusini mwa Angola, lakini mwaka huo palikuwa kambi ya Wanamibia waliokimbia utawala wa Makaburu. Ndege za kivita zikaanza kumwaga mabomu, halafu wakashuka askari wa miavuli zaidi ya 300. Hadi jioni watu zaidi ya 600 walikuwa wamekufa, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Siku mbili baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha Azimio namba 428 kulaani uvamizi huo.

Namibia ikapata uhuru Machi 21, 1990. Mwaka huohuo sheria ya sikukuu za taifa ikaiweka Mei 4 kuwa Siku ya Cassinga. (Siku tatu tu baada ya Mei Mosi, mtu wa ofisini hahitaji kuelezwa la kufanya hapo katikati.)

Sasa kijana mwenzangu, hebu tuulizane: taifa linapoitangaza siku, linatangaza nini hasa? Makaburu walishikilia kwamba walipiga kambi ya jeshi. SWAPO ikasema wakimbizi. Ukweli ni kwamba kamanda Dimo Hamaambo alikuwapo pale, mtu ambaye baadaye aliongoza jeshi la Namibia huru. Mahandaki yalikuwapo, na mizinga ya kutungulia ndege pia. Lakini watoto wadogo nao walikuwapo! Mimi naona mambo haya yote mawili yanakaa pamoja bila shida, na handaki halimgeuzi mtoto kuwa askari. Ila hotuba ya sikukuu haipendi mambo mawili. Inataka moja, lililonyooka.

Sisi wa huku si wageni wa habari hii. SWAPO ilifungua ofisi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sitini, na wapiganaji wake walifundishwa Kongwa, Dodoma. Wazee wetu waliwajua kwa sura.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Baada ya Cassinga, hofu ya majasusi ilizidi ndani ya SWAPO. Katika miaka ya themanini, huko Lubango, kusini mwa Angola vilevile, mamia ya Wanamibia walifungwa na wenzao kwenye mashimo ya ardhini, wakapigwa hadi wakiri kwamba wametumwa na Makaburu. Walionusurika waliachiwa 1989. Wengine hawakurudi, na ndugu zao wameuliza miaka yote hiyo walizikwa wapi.

Mwaka 2025, Mei 28, Namibia iliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kuwakumbuka Waherero na Wanama walioangamizwa na Wajerumani kati ya 1904 na 1908. Imechukua zaidi ya miaka mia. Watu wa Lubango hawajawekewa siku yao.